Kubadili Indiketa na Taa za Nyuma za Gari la Zamani Kuwa LED: Mwongozo Kamili

Mwenye Land Rover Series, Peugeot 504, Volkswagen Beetle au Land Cruiser ya miaka ya 1970 hununua globu za LED, huzichomeka palipokuwa na globu za zamani, kisha huwasha indiketa. Hapo ndipo matatizo huanza. Indiketa hubaki imewaka bila kuzima, au huwaka na kuzima kwa kasi isiyo ya kawaida, au akiwasha ya kushoto, ya kulia nayo huitikia. Usiku, anayemfuata nyuma hawezi kujua kama amekanyaga breki. Baada ya muda mfupi globu moja inakufa, na mwenye gari anahitimisha kwamba LED hazifai kwa magari ya zamani.

Zinafaa sana, hasa kwa magari yanayochaji kwa dainamo, ambayo hutoa umeme kidogo injini inaponguruma polepole kwenye foleni ya Buzuruga au Igoma hapa Mwanza jioni. Kinachokosewa ni mpangilio wa kazi. Globu ni jambo la karibu na mwisho. Yanayotangulia ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), flasha (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) na taa ndogo ya dashibodi. Anayefuata hatua zilizo hapa chini kwa mfuatano wake atamaliza kazi kwa siku moja bila kununua kitu mara mbili.

Mwongozo huu unahusu indiketa, taa za breki, taa za nyuma na taa ndogo za mbele peke yake. Taa kubwa hazimo, kwa sababu kioo chake cha ndani kilichongwa kufuata mahali hasa uzi wa globu unapokaa. LED inayokaa milimita chache kando ya mahali hapo hutupa mwanga machoni mwa anayekuja, na barabara ya Mwanza kwenda Musoma usiku haihitaji hatari nyingine.

## Vifaa vya kuandaa

- Globu za LED za aina na rangi sahihi (soma hatua ya 3 kabla ya kununua).
- Flasha ya kielektroniki ya LED yenye miguu mitatu, ya volti zilezile za gari.
- Diodi mbili za 1N4007, zinazopatikana kwa mafundi wa redio kwa bei ndogo sana.
- Waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 1.5, mita kadhaa.
- Vichwa vya waya vya duara na vya kuchomeka, pamoja na washa zenye meno.
- Fyuzi ya ampia 10 na kishikio chake.
- Multimita. Taa ya kupimia haitoshi, kwa sababu huonyesha kwamba umeme upo bila kuonyesha ni kiasi gani kinapotea njiani.
- Msasa laini, brashi ndogo ya waya, bisibisi, plaizi, tepu ya umeme na mafuta ya mgando.

## Hatua ya 1: Fahamu umeme wa gari lako

Pima betri injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli na malori mengi hutumia volti 24. Globu ya volti 12 ikiwekwa humo huungua papo hapo.

Kisha angalia waya mnene wa betri uliofungwa kwenye bodi. Katika magari mengi huo ni wa hasi. Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mara nyingi yalifungwa chanya kwenye bodi. Kama lako ni hivyo na halijabadilishwa, globu nyingi za LED hazitawaka na flasha ya kielektroniki itaharibika. Mpelekee kwanza fundi umeme aligeuze liwe la hasi kwenye bodi, kisha urudi kwenye hatua hizi.

Mwisho, washa injini, ipandishe mwendo kidogo na upime betri tena. Kipimo kizuri kwa gari la volti 12 ni kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukiona inazidi 15, regyuleta (kidhibiti cha kuchaji) ina kasoro. Globu ya uzi huvumilia umeme huo kwa muda huku ikiwaka kwa ukali. LED ya bei nafuu haivumilii. Nyingi zinazosemekana kuwa feki ziliuawa na regyuleta.

## Hatua ya 2: Pima ethi wakati globu za zamani zingalimo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote.

Usitoe globu za zamani bado. Globu ya indiketa ya wati 21 huvuta karibu ampia 1.75, na mzigo huo ndio unaofichua ethi mbovu. LED huvuta sehemu ndogo tu ya hapo, kwa hiyo ukipima baada ya kubadilisha, ethi iliyooza itaonekana nzima, kisha itakusumbua barabarani gari linapotikisika.

Fanya hivi. Weka multimita kwenye volti. Mtu mmoja akanyage breki. Gusa ncha moja ya kipimio kwenye kikombe cha chuma kinachoshika globu, na nyingine kwenye ncha ya hasi ya betri yenyewe, wala si kwenye bodi. Kama waya wa kipimio haufiki nyuma, urefushe kwa kipande cha waya. Kipimo kikiwa chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri. Kikifika 0.5, ethi hiyo lazima ifanywe upya. Rudia kwa kila taa ikiwa imewaka, mbele na nyuma, kushoto na kulia.

Huku kwetu kandokando ya ziwa utakuta kasoro zaidi upande wa nyuma. Gari lililobeba samaki kutoka mwalo wa Kirumba kwa miaka mingi limemwagiwa maji ya barafu juu ya waya za nyuma kila siku, na unyevu huo huingia kwenye viungo na kukaa. Land Rover ina tatizo lake la ziada: bodi ni ya aluminiamu na fremu ni ya chuma, na metali hizi mbili zikigusana penye unyevu hulana polepole. Skrubu inayoonekana imekaza vizuri inaweza kuwa imezungukwa na unga mweupe usiopitisha umeme.

Tiba ni kuacha kutegemea bodi. Toa waya mpya kutoka kikombe cha kila taa ya nyuma hadi kwenye fremu. Kwangua rangi mahali pa kufunga mpaka chuma king'ae, weka kichwa cha duara na washa yenye meno, kaza, kisha paka mafuta ya mgando au rangi juu yake. Kabla ya kukata au kufunga waya wowote, toa kwanza waya wa hasi wa betri.

Ukiwa hapo, safisha ndani ya vikombe kwa msasa laini na hakikisha chemchemi za chini zinasukuma kwa nguvu. Umeme mwingi wa globu ya uzi hupenya kutu nyepesi kwenye viungo. Umeme mdogo wa LED hauna uwezo huo.

Umefaulu iwapo taa zote, zikiwa bado na globu za zamani, zina mng'ao sawa kushoto na kulia, na hakuna kikombe kinachosoma zaidi ya volti 0.2.

## Hatua ya 3: Chagua globu

Nenda dukani na globu ya zamani mkononi. Kuna aina tatu zinazofanana sana, na muuzaji aliyechoka anaweza kukupa isiyo yako.

BA15s ina kitako kimoja cha umeme chini, na masikio yake mawili ya pembeni yanalingana kwa kimo. Hutumika kwa indiketa. BAY15d ina vitako viwili chini, na sikio moja liko juu kuliko lingine. Hiyo ni ya taa ya nyuma na breki kwa pamoja, ambayo kwa globu ya uzi huandikwa 21/5W. BAU15s inafanana na BA15s, ila masikio hayaelekeani sawasawa. Ilitengenezwa kwa globu za rangi ya chungwa na haipatikani sana kwenye magari ya zamani.

Kuhusu rangi, kanuni ni moja: rangi ya LED ifuate rangi ya kioo cha taa. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, na nyuma ya kioo cha chungwa weka LED ya chungwa. Wengi huchukua nyeupe kwa kudhani itang'aa zaidi. LED nyeupe ina rangi ya buluu kwa wingi na nyekundu kidogo. Kioo chekundu huzuia buluu yote, na kinachotoka ni mwanga hafifu wenye rangi ya waridi. LED nyekundu hupita karibu yote.

Yapo matumizi mawili ya nyeupe. La kwanza ni taa ndogo za mbele. La pili ni taa ya nyuma yenye dirisha la kioo cheupe chini yake kwa ajili ya kumulika namba ya gari. Ukiweka nyekundu humo, namba itamulikwa kwa rangi nyekundu na askari wa usalama barabarani atakuwa na haki ya kukusimamisha. Katika taa kama hiyo ni heri kufunga taa nyeupe ya namba pembeni na kuacha ya nyuma iwe nyekundu.

Kisha angalia umbo. Uzi wa globu ya zamani hutoa mwanga pande zote, nao hugonga kioo cha ndani na kusambaa. Globu ya LED yenye vichipu kichwani tu humulika doa dogo katikati ya taa na kuacha pembe zikiwa giza. Chagua yenye vichipu kuzunguka ubavu pamoja na kichwani. Pima pia urefu: kama ni ndefu kuliko ya zamani, inaweza kugusa kioo.

Usinunue kwa kufuata wingi wa lumeni (kipimo cha mwanga) ulioandikwa kwenye pakiti, kwani mara nyingi tarakimu hizo zimekuzwa. Linganisha na kipimo cha globu ya kawaida: 21W hutoa karibu lumeni 460, na uzi mdogo wa 5W katika globu ya 21/5W hutoa karibu 35. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 10 kati ya taa ya nyuma na breki ndiyo inayookoa maisha. Mwombe muuzaji akuwashie globu kwenye betri, kitako kimoja baada ya kingine. Kama mng'ao wa kwanza na wa pili unakaribiana, irudishe hata kama inang'aa kama jua.

## Hatua ya 4: Badilisha flasha

Flasha ya zamani yenye miguu miwili hufanya kazi kwa joto. Umeme wa globu hupita ndani yake, kipande cha chuma hupata moto, hujikunja na kukata, hupoa na kuunga tena. Kwa upande mmoja wenye globu mbili za wati 21 umeme huo ni ampia 3.5. LED mbili hazifiki hapo kabisa, basi chuma hakipati moto na indiketa hubaki imewaka. Flasha nyingine za baadaye zimetengenezwa kuongeza kasi globu moja inapoungua. Hizo hudhani LED ni globu iliyokufa.

Flasha ya kielektroniki ina saa yake ndani na haitegemei mzigo, lakini inahitaji ethi yake yenyewe. Miguu yake ni B kwa umeme unaoingia, L kwa umeme unaokwenda kwenye swichi ya indiketa, na E kwa ethi. Za Kijerumani huandikwa 49, 49a na 31 kwa mpangilio huohuo.

1. Chomoa flasha ya zamani. Swichi ya gari ikiwa imewashwa, pima matundu au vichwa vya waya. Unaosoma volti 12 ndio B.
2. Waya wa pili unaokwenda kwenye swichi ya indiketa ndio L. Katika Land Rover na magari mengine ya Kiingereza ambayo hayajachezewa, huo huwa wa kijani hafifu chenye mstari wa kahawia. Usiamini rangi peke yake, kwa sababu magari haya yamepita mikono mingi, pima.
3. Kama kuna waya wa tatu ulioandikwa P, usiufunge kwenye E. P hupeleka umeme kwenye taa ndogo ya dashibodi, si ethi. Kosa hili limeua flasha nyingi mpya. Uzibe kwa tepu. Hatua ya 5 itaushughulikia.
4. Toa waya mpya wa ethi kutoka mguu wa E hadi chuma safi karibu na dashibodi.
5. Weka fyuzi ya ampia 10 kwenye waya wa B. Baadhi ya magari ya Kiingereza yana fyuzi moja ya ampia 35 kwa mzunguko mzima, na hiyo haiwezi kulinda waya mwembamba wa flasha.

Jihadhari na jambo moja: flasha mbili zenye umbo lilelile zinaweza kuwa na B, L na E mahali tofauti, hasa kati ya za Kijapani na za Ulaya. Soma herufi zilizochapwa kwenye flasha yenyewe, usifuate umbo la tundu. Kama gari lina flasha ya pili kwa ajili ya hazadi (indiketa zote kuwaka pamoja kwa tahadhari), nayo ibadilishwe.

Wapo mafundi watakaokushauri uache flasha ya zamani na ufunge rezista ya omu 6 kila upande ili kuidanganya. Mimi sishauri. Kwa volti 13.5 rezista hiyo hupitisha ampia 2.25 na kutoa joto la wati 30, yaani zaidi ya globu uliyoitoa. Faida yote ya LED inapotea, na kitu chenye joto la kuunguza ngozi kinakaa kando ya waya zenye ngozi ya miaka 50. Iwapo flasha imejengwa ndani ya swichi na hakuna njia nyingine, ifunge rezista kwenye chuma kitupu, mbali na plastiki na waya, na usiibandike kwenye bodi kwa gundi.

Umefaulu iwapo indiketa, hata zikiwa na globu za zamani, zinawaka kati ya mara 15 na 30 kwa sekunde 15, yaani mara 60 hadi 120 kwa dakika.

## Hatua ya 5: Taa ndogo ya dashibodi

Ruka hatua hii kama dashibodi ina mishale miwili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na globu yake. Kama kuna taa moja tu kwa pande zote, soma kwa makini.

Katika magari mengi taa hiyo moja imefungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita ndani yake na kutafuta ethi kupitia globu za kulia zilizozimwa. Globu za uzi hazijali umeme mdogo hivyo. LED huwaka nao. Ndiyo maana indiketa zote nne huitikia kama hazadi.

Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na mstari uliochorwa kwenye mwili wake ndio upande wa kutokea. Chukua mbili. Ya kwanza, upande usio na mstari uungwe kwenye waya wa indiketa ya kushoto. Ya pili, kwenye waya wa kulia. Pande zenye mistari ziungwe pamoja na kwenda kwenye kitako kimoja cha taa ya dashibodi. Kitako cha pili cha taa hiyo kipelekwe kwenye ethi. Globu ya dashibodi ya wati 2.2 huvuta chini ya ampia 0.2, na 1N4007 hubeba hadi ampia 1, kwa hiyo haitapata moto. Lehemu viungo, funika kila diodi kwa tepu yake ili zisigusane.

Mpango huohuo hutatua gari lenye waya wa P: taa ya dashibodi haitauhitaji tena.

## Hatua ya 6: Funga globu

Anza na moja, ijaribu, kisha endelea. Kama LED haiwaki kwenye kikombe cha kitako kimoja, hakikisha kwanza kikombe kinapata ethi. BAY15d huingia kwa upande mmoja tu. Ikikataa, izungushe nusu, usiilazimishe.

Kabla ya kufunga kioo, washa taa za kawaida na upime kitako cha breki katika kila taa ya nyuma, breki ikiwa haijakanyagwa. Pasisome volti. Globu duni huvujisha umeme kutoka kitako kimoja hadi kingine, na uvujaji huo huenda ukarudi hadi kwenye swichi ya breki na kuwasha vitu usivyotarajia.

Badilisha mpira wa kioo kama umekauka. Usizibe taa yote kwa silikoni: tundu dogo lililo chini liliwekwa na mtengenezaji ili maji yatoke, na taa iliyozibwa kabisa hufunga unyevu ndani.

## Hatua ya 7: Majaribio

Jaribio la kwanza lifanyike saa sita mchana. Elekeza nyuma ya gari upande wa jua, simama mita 30 na mwombe mtu akanyage breki na kuwasha indiketa. Kama unalazimika kukodoa macho, globu haifai kwa taa hiyo, hata kama usiku inapendeza. Jaribio la pili ni usiku: taa za nyuma zikiwa zimewaka, kukanyaga breki kuonekane mara moja, hata kwa mtu ambaye hakuambiwa atazame nini. Kisha endesha kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo na umwombe anayekufuata aseme kama taa yoyote inakatika.

LED inayowaka hafifu wakati swichi imezimwa ina maana ya unyevu au kutu inayopitisha umeme kwenye kiungo; rudi hatua ya 2. Indiketa inayofanya kazi kushoto na kusimama kulia ina maana ya waya, si flasha. Flasha isiyolia kabisa, angalia E kabla ya kununua nyingine.

Kama unavuta trela ya mtumbwi yenye globu za uzi, soma ampia zilizoandikwa kwenye flasha: indiketa ya trela huongeza ampia 1.75 kwa kila upande, na hazadi huongeza 3.5 kwa pamoja. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, fungua vioo vya nyuma uangalie kama kuna ukungu au matone ndani, na upime tena ethi mbili za nyuma kabla hujazifunga.